Bei na Deni: Utangulizi wa Maadili ya Mazingira kwa Msomaji wa Maniema

Huenda umekuja na masomo ya uchumi, sheria au kilimo. Huenda huna shahada yoyote, ila unaishi Kindu na unayaona yanayoshuka na mtumbwi kwenye Lualaba na yanayopakiwa kwenye treni. Vyovyote ulivyokuja, una sehemu ya kuanzia. Maadili ya mazingira huuliza tunawiwa nini na ardhi, maji na viumbe, na pia na watu watakaovihitaji baada yetu. Uchumi huuliza watu wanagawanaje vitu visivyowatosha. Maswali haya mawili hayatenganishwi, na Maniema ina ushahidi mwingi wa jambo hilo kuliko sehemu nyingi.

Tuanze na pembe za ndovu. Wasafiri waliofika huku katika karne ya 19, akiwemo David Livingstone aliyeingia Nyangwe mwaka 1871, walisimulia kwamba pembe zilikuwa zikitumika kama miimo ya milango, na nyingine ziliachwa porini pale tembo alipofia. Wenyeji walimwinda tembo kwa ajili ya nyama. Lakini Unguja pembe ile ile ilipimwa kwa frasila na kusafirishwa ng'ambo. Bei ya pwani ilipofika Nyangwe na Kasongo, ilifika pamoja na bunduki na minyororo, kwa sababu mali nzito ilihitaji mabega ya kuibeba. Jiulize basi: tembo mwenyewe alibadilika nini? Hakubadilika kitu. Kilichobadilika ni kwamba watu wa mbali, wasiomjua, walipata njia ya kumtaka. Bei ilieleza kwa usahihi hamu yao na uwezo wao. Kuhusu wenyeji waliochomewa vijiji na kufungwa minyororo ile haikueleza lolote.

Mwanauchumi Mwingereza Arthur Pigou alilitafutia tatizo la namna hii hesabu mwaka 1920. Alionyesha kwamba bei inaweza kuacha nje gharama ambayo mtu mwingine anailipa, na akapendekeza kodi ya kuirudisha ndani. Peleka wazo hilo kwenye soko la nyama ya pori mjini Kindu. Bei anayotaja mama muuzaji ina risasi ndani yake, ina chumvi, ina matairi ya baiskeli iliyotoka misitu ya Lomami, ina malipo ya vizuizini. Haina kima ambao hawatazaliwa. Haina miti ambayo mbegu zake zilisambazwa na wanyama hao. Wala haina mwendo wa ziada atakaotembea mtoto wa mwindaji miaka ishirini ijayo. Ninamheshimu Pigou kwa dhati. Mtetezi wa msitu asiyejua bei inaundwaje atamlaumu yule mama, naye ndiye mwenye faida ndogo kuliko wote.

Lakini je, kila kilichoachwa nje kinaweza kutiwa bei? Mwaka 1997 mtafiti Robert Costanza na wenzake walikadiria huduma za mazingira ya dunia nzima kuwa na thamani ya wastani wa dola trilioni 33 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilisaidia, maana mawaziri wa fedha waliisikia. Sasa mfikirie lesula, kima wa msitu wa Lomami, ambaye wanasayansi walikutana naye mwaka 2007 na kumtangaza rasmi mwaka 2012, ilhali wenyeji walimjua kwa jina tangu zamani. Njia mojawapo ya kumtafutia bei ni kuwauliza watu wangelipa kiasi gani ili asitoweke. Tajiri wa Ulaya atataja kiasi kikubwa, mkulima wa Opala, jirani wa lesula, atataja kidogo. Jibu la mkulima limepimwa kwa mfuko wake, halikupimwa kwa mapenzi yake, na mbinu hii haina namna ya kuvitenganisha.

Hoja ninayopenda wanafunzi wakae nayo muda mrefu ni ya Colin Clark, mwanahisabati wa Kanada, ya mwaka 1973. Miaka mitano kabla yake mwanaikolojia Garrett Hardin alikuwa amedai kwamba mali ya wote huharibika kwa kukosa mwenyewe. Wengi wakahitimisha: mpe mwenyewe mmoja, ataitunza. Clark, akitumia mfano wa nyangumi, alionyesha kwamba hata mmiliki mmoja mwenye akili timamu anaweza kupata faida kubwa zaidi kwa kuwaua wote, ikiwa wanyama huongezeka polepole kuliko riba. Auze leo, aweke fedha benki. Tembo wa msitu hubeba mimba kwa takriban miezi 22, na mara nyingi jike huzaa kwa mara ya kwanza akiwa amepita miaka 20. Ni benki gani itakayoshindwa na mwendo huo? Hesabu ya Clark haina kosa. Ukilikataa hitimisho lake, kama ninavyolikataa mimi, huna budi kusema kwa sababu gani, na sababu hiyo haitatoka ndani ya hesabu.

Riba hiyo hiyo imejificha katika mjadala wa vizazi. Kwa kiwango cha asilimia 5 kwa mwaka, hasara ya franka milioni moja itakayotokea baada ya miaka 100 inahesabiwa leo kama franka 7,600 hivi. Kwa asilimia 1.4, karibu franka 249,000. Kiwango hiki cha pili ndicho kilichotumika katika ripoti ya mwanauchumi Nicholas Stern ya mwaka 2006 kuhusu tabianchi, na mabishano yake na mwanauchumi mwenzake William Nordhaus yalihusu hasa uchaguzi huo. Anayechagua kiwango ameshaamua uzito wa mjukuu.

Kongo nayo imeamua, kwa asilimia. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali, na 10 kwa Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo. Kwa nini kumi? Mtu wa Kalima ana haki ya kuuliza. Kasiterite yake (madini ya bati) ilichimbwa kwa miongo mingi, kisha bei ya bati ikaporomoka mwaka 1985, kampuni ya SOMINKI ikadhoofika hadi kufungwa, na mashimo yakabaki kwa watoto ambao hawakuwekewa akiba yoyote.

Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alimjibu Hardin kwa mifano ya jamii zilizotunza mali ya pamoja kwa karne nyingi kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Kwetu, soma mifano yake pamoja na historia ya Hifadhi ya Taifa ya Lomami, iliyotangazwa mwaka 2016, yenye karibu kilomita za mraba 8,900 katika Maniema na Tshopo. Kabla ya kutangazwa kulikuwa na mikutano vijijini, na kulikuwa na tambiko, mababu wakiombwa ruhusa. Mchumi ataandika tambiko kama gharama ya mashauriano. Mimi naliona ni kikao ambacho wenye haki ya kukataa walikuwepo, wakiwemo wasio na sahihi wala mfuko. Hata hivyo ridhaa haijazi chungu, na kijiji kilichoacha sehemu ya mawindo yake bado kinadai shule, barabara na protini. Tangu mwaka 2014 jamii za wenyeji zinaweza pia kuomba msitu wao wenyewe, hadi hekta 50,000, na kuusimamia kwa mila zao. Sura ya kwanza inaanzia kwenye mipaka ya msitu wa namna hiyo: nani anaichora, na nani anaitwa siku ya kuichora.