Jukwaa na Utambulisho wa Taifa: Funzo la Kamirithu

Wanafunzi wengi huisoma tamthilia kana kwamba ni riwaya iliyojaa mazungumzo. Huorodhesha maudhui, wahusika na mbinu, kisha hufunga kitabu. Kumbuka kwamba tamthilia huandikwa ili iigizwe mbele ya watu. Ukitaka kuelewa kwa nini watawala katika tamthilia nyingi huogopa nyimbo na mikusanyiko, zingatia yaliyotukia Kamirithu, Limuru, mwaka wa 1977.

Usuli
Kenya ilikuwa na miaka kumi na minne ya uhuru. Wakazi wa Kamirithu, wengi wao wakulima wadogo na vibarua, walikuwa na kituo chao cha elimu na utamaduni. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa lugha ya Kikuyu, yaani Nitaolewa Nikipenda. Wakati wa mazoezi wanakijiji walisahihisha lugha, wakaongeza nyimbo, na wakajenga wenyewe ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000.

Kisa
Kiguunda, kibarua maskini, ana shamba la ekari moja na nusu tu. Hatimiliki ameitundika ukutani. Tajiri wake, Kioi, anamshawishi afunge ndoa ya kanisani. Kiguunda anakopa pesa za harusi, shamba linawekwa rehani, na mwishowe analipoteza. Hapa ndipo penye swali la hadhi ya kisiasa: je, aliyepigania ardhi kisha akaikosa ni raia kamili au ni mgeni kwao?

Kwa nini tamthilia hii iliogopwa?
Julai 1977 riwaya ya Ngugi wa Thiong'o, Petals of Blood, ilizinduliwa Nairobi na Mwai Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Riwaya hiyo nayo iliwakosoa walionufaika na uhuru, lakini haikupigwa marufuku. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba 2, na Novemba 16 leseni yake ikafutwa. Desemba mwandishi akatiwa kizuizini, akakaa Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Tofauti ni tatu. Kwanza, riwaya ilikuwa ya Kiingereza. Tamthilia ilieleweka hata na asiyejua kusoma. Pili, msomaji huwa peke yake, ilhali hadhira huwa pamoja: hucheka, huimba na hukasirika kwa wakati mmoja. Tatu, kibarua aliigiza kibarua. Jirani zake walijiona jukwaani.

Huenda ukauliza: mchezo wa lugha ya jamii moja wawezaje kulizungumzia taifa zima? Hoja hii ina uzito, kwani asiyejua Kikuyu hangeweza kuufuata. Hata hivyo, kilio cha ardhi hakikuwa cha Limuru pekee. Ndiyo maana tafsiri ya Kiswahili ina umuhimu: humpa Mkenya wa Lamu au Busia nafasi ya kukijua kilio hicho.

Matokeo
Machi 1982 polisi waliubomoa ukumbi wa Kamirithu. Mbao zilianguka, lakini mchezo ulibaki. Mei 2022 uliigizwa tena, safari hii katika ukumbi wa kitaifa jijini Nairobi.

Zingatia unapojibu maswali
Usisimulie historia hii katika jibu lako. Mtahini anataka ushahidi kutoka kwenye kitabu teule. Itumie kukuongoza. Soma maelekezo ya jukwaani: nani amesimama, nani ameketi, ukutani pana nini? Nani anaimba, na nani anamnyamazisha? Anayenyimwa sauti jukwaani mara nyingi ndiye anayenyimwa nafasi katika taifa.

Swali la marudio
"Jukwaa ni mahali ambapo taifa hujiuliza swali linaloogopwa." Thibitisha kauli hii ukirejelea tamthilia uliyosoma. (alama 20)