Je, Wajua? Geji ya Silinda Haijui Kipenyo

Je, wajua kuwa silinda ya injini iliyofanya kazi miaka mingi si duara kamili tena? Moto unapoisukuma pistoni chini, konrodi huwa imeinama, hivyo pistoni hubanwa kwenye ukuta wa upande mmoja. Upande huo ndio unaolika. Tena hulika zaidi karibu na juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia: joto kali, shinikizo kubwa, oili kidogo. Kwa hiyo fundi makini hupima juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili, sambamba na krenkshafti kisha kwa kuikingama.

Je, wajua kuwa geji ya saa inayotumbukizwa humo haijui kipenyo cha kitu chochote? Hulinganisha tu. Unaiweka kwenye sifuri kwa maikromita iliyofungwa katika kipimo cha silinda mpya, ndipo mshale ukuonyeshe tofauti, kwa sehemu za mia za milimita. Ndiyo maana siidharau geji ya bei nafuu. Mradi mshale wake unarudi palepale kila ukirudia, inafaa. Fedha zako ziweke kwenye maikromita. Ila geji yenyewe iyumbishe mbele na nyuma ikiwa ndani, uchukue namba ndogo kabisa. Zile kubwa ni za geji iliyolala.

Hata hiyo huna? Tumia ringi ya pistoni. Isukume ndani kwa pistoni iliyogeuzwa juu chini ili ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, kwanza juu, kisha chini kabisa ambako ukuta haujalika. Tofauti igawe kwa 3.14. Mwanya ukiwa umezidi milimita 0.31, kipenyo kimepanuka milimita 0.10. Haitakuambia kama silinda imekuwa yai, lakini kwa bei yake nani alalamike?

Mwaka 1776, Matthew Boulton, mtengenezaji wa injini za mvuke wa Uingereza, alijivunia silinda ya inchi 50 iliyochongwa na John Wilkinson: kosa lake, alisema, halikufika unene wa shilingi kuukuu. Leo kosa la namna hiyo lingerudisha bloku kwa mchongaji siku hiyohiyo.

Na joto? Tangu 1931, vipimo vya viwandani duniani huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Silinda ya chuma ya milimita 100 ikizidi hapo kwa nyuzi 10, hutanuka takriban milimita 0.01. Bloku iliyotoka juani iache kivulini pamoja na geji na maikromita, hata mteja akiwa na haraka.