Saa za Safari na Saa za Tiketi



Kila mwaka baadhi yetu husafiri kwenda mikutano ya mbali, nasi pia hupokea wageni. Safari moja mwenzetu aliyekuwa akienda New York aliachwa na ndege. Tiketi iliandikwa Jumamosi, 00:40. Alifika uwanjani Jumamosi jioni, kumbe ndege iliondoka usiku wa kuamkia Jumamosi. Nauli iliyochangwa na vikundi vyetu kwa miezi mingi ikapotea. Hatumlaumu, kwani hakuna kati yetu aliyemweleza. Ndiyo maana tumeona vema kueleza jambo hili.

Umbali
Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni yapata kilomita 11,800. Ndege kubwa hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, hivyo kwa hesabu tupu ni masaa 13. Lakini ndege haiendi kwa mstari ulionyooka kabisa, tena huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Huikinza ndege inayokwenda na kuisukuma inayorudi. Kwa hiyo safari ya moja kwa moja, iliyoanzishwa Oktoba 2018, huchukua kama masaa 15 kwenda na 14 kurudi. Anayebadilisha ndege Ulaya au Ghuba aongeze muda wa kusubiri huko.

Saa
Kila saa kwenye tiketi ni ya mji uliotajwa. Nairobi iko mbele ya New York kwa masaa 7 kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba, na masaa 8 miezi mingine, kwa kuwa Wamarekani hubadili saa zao.

Tuseme ni Julai. Ukiondoka Nairobi 23:30, utafika New York 07:30 kesho yake. Utadhani ni masaa 8, kumbe ni 15. Ukiondoka New York 13:00, utafika Nairobi 10:00 kesho yake. Utadhani ni masaa 21, kumbe ni 14.

Mambo ya kukumbuka
1. Saa ya tiketi si saa yetu ya Kiswahili. 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. 23:30 ni saa tano na nusu usiku.
2. Siku ya tiketi huanza saa sita usiku, wala si jua linapotua. Ikiandikwa Jumamosi 00:40, uwe uwanjani Ijumaa jioni, masaa matatu kabla ya kuondoka.
3. Mnaopokea wageni, ulizeni tarehe na saa ya kufika, si ya kuondoka. Mgeni akifika saa nne asubuhi, kwao ni usiku wa manane. Mpeni chai na kitanda kwanza, mkutano utamngoja.

Kabla ya safari yoyote, someni tiketi watu wawili pamoja. Tunawatakia safari njema.