Vijidudu vipo, maji ndiyo adimu: biashara ya kusafisha udongo Ukambani

Kando ya barabara kuu ya Mombasa, kutoka Sultan Hamud na Emali hadi Mtito Andei, mafuta ndiyo yaliyolea miji. Malori hulala huko, makanika humwaga oil chafu huko, na ardhini limepita bomba lililoanza kazi mwaka 1978 kupeleka mafuta Nairobi. Bomba hilo ndilo lililovuja Thange, Kibwezi, mwaka 2015, mafuta yakafika mtoni na visimani. Miaka 4 baadaye, bomba jipya nalo likavuja Kiboko. Kitui mjini na Mwingi madhara ni madogo lakini yametapakaa, gereji moja baada ya nyingine, kila moja na kiwanja chake cheusi kama lami. Kutokana na hayo imezuka kazi ya kusafisha udongo kwa vijidudu, na pamoja nayo magunia na mitungi ya bakteria wa kununuliwa, ndugu wa ule unga unaotiwa vyooni ili shimo lisijae upesi. Wanaouza bidhaa hizo huzinadi kwa ahadi moja: nyunyiza, subiri, mafuta yataliwa. Ahadi hiyo si uongo, ila imeacha nje sehemu iliyo ghali. Katika kaunti hizi mbili, Makueni na Kitui, kinachokosekana kwenye udongo si bakteria. Ni maji, chakula na hewa ya kuwawezesha kufanya kazi, na hivyo ndivyo ambavyo kandarasi nyingi hazivilipii.

Gramu moja ya udongo wa kawaida ina mamilioni ya bakteria, na miongoni mwao wamo wenye uwezo wa kula mafuta, maana mafuta ni kaboni na kaboni ni chakula. Mafuta yakimwagika, hao wachache huongezeka wenyewe katika siku au wiki chache, mradi hali iwaruhusu. Somo hili lilitolewa mapema, kwenye pwani ya Alaska, baada ya meli ya mafuta kupasuka mwaka 1989. Pale mbolea yenye naitrojeni na fosforasi ilipowekwa ufuoni, uozaji wa mafuta uliongezeka kasi. Lakini bakteria wa kununuliwa walipojaribiwa kwenye fuo hizo, hawakuonyesha faida ya maana kuliko wale wa pale pale waliolishwa vizuri. Mgeni huyo kutoka kiwandani hukuta wenyeji wameshaizoea ardhi, joto lake na chumvi yake. Ana nafasi yake, tuseme kwenye tangi lililofungwa au udongo uliochomwa na kemikali hadi ukabaki mfu, ila shamba la Kibwezi si tangi.

Wauzaji husema joto la Ukambani ni baraka, na kwa kiasi fulani wana haki. Vijidudu vingi vinavyokula mafuta hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 35 za Selsiasi, na kila nyuzi 10 zikiongezeka ndani ya mipaka hiyo, kasi yao hukaribia kuongezeka maradufu. Alaska ingelipia joto hilo. Makueni inalipata bure. Lakini jua linalotoa joto ndilo linalonyang'anya maji. Udongo wa kusafishwa unatakiwa ukifinywa mkononi ushikamane bila kudondosha tone. Bakteria huishi ndani ya utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo, na utando ukikauka wao hulala. Udongo uliolowa mafuta nao una ukaidi wake: ukiukausha kisha ukaumwagia kikombe cha maji, maji hukaa juu yakiviringika kama kwenye jani la nduma, yasiingie. Tuseme jua linavukiza milimita 5 kwa siku, jambo ambalo si ajabu huku wakati wa kiangazi. Tuta la udongo lililotandazwa kwenye mita 100 za mraba likiachwa wazi litapoteza lita 500 kila siku, yaani mitungi 25 ya lita 20. Anayeishi kwenye vijiji ambako mtungi huo hununuliwa kwa punda ajijazie bei mwenyewe. Tena si kila maji yanafaa. Sehemu nyingi za Kitui maji ya visima virefu yana chumvi, na kila yanapovukizwa huacha chumvi tutani, mpaka dawa igeuke kuwa sumu ya pili.

Baada ya maji kuna lishe na hewa. Kanuni inayotumika sana katika kazi hii ni kwamba kila sehemu 100 za kaboni zinahitaji takriban sehemu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Tani moja ya udongo yenye kilo 10 za kaboni ya mafuta itahitaji basi kilo 1 ya naitrojeni, ambayo kwa samadi kavu ni kilo 50 hadi 100, na si yote inayopatikana mara moja. Udongo mwingi wa Ukambani ni maskini wa virutubisho hivyo hata kabla haujamwagiwa chochote, na samadi ya boma ina wateja tayari, wakulima wa maembe na mboga. Hewa nayo haipatikani kwa kungoja: kuunguza kilo 1 ya mafuta, vijidudu huhitaji karibu kilo 3 za oksijeni, ambazo zimo katika zaidi ya mita 10 za ujazo za hewa. Ndiyo maana tuta sharti lipinduliwe kwa jembe au trekta, au lipitishiwe mabomba yenye matundu. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, tuta lililokandamizwa na lori siku ya kwanza huoza nje tu. Ndani hubaki na harufu ile ile miezi sita baadaye.

Hapa ndipo manung'uniko ya wenye kazi yanapopata uzito, na yanastahili kusikilizwa kwa urefu. Mwenye kandarasi ndogo, mtu mwenye lori moja na vibarua wachache, atakwambia kwamba zabuni huandikwa kwa magunia. Karatasi hutaja kilo za bidhaa ya bakteria zitakazonyunyizwa na siku ya kuzinyunyiza, lakini haisemi maji yatatoka wapi mwezi wa Agosti, nani atapindua tuta wiki ya nane, wala nani atalipa maabara ya Nairobi ipime sampuli. Akiweka gharama hizo kwenye hesabu yake, anaonekana ghali na kupoteza zabuni kwa aliyeziacha nje. Akiziacha nje, anapata kazi, ananyunyiza, anapigwa picha, halafu anangoja malipo huku udongo ukikauka. Mwaka ukipita na harufu ikirudi, lawama ni zake. Tena, atasema, mtu anayeuza gunia analipwa anapoliuza, ilhali anayeuza kazi ya miezi kumi hulipwa mwisho, kama atalipwa. Mtu huyu anatetea tumbo lake, hilo ni kweli, na wapo wenzake wanaotumia ukame kama kisingizio cha uvivu. Hata hivyo lawama yake inakubaliana na sayansi: mkataba unaonunua gunia umenunua kitu cha bei nafuu kuliko vyote katika kazi hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, taarifa rasmi zinazotoa asilimia zinahitaji kuhojiwa. Afisa yeyote akisema sehemu kubwa ya mafuta imeondoka, swali la kwanza ni: imeondoka ikaenda wapi? Petroli na mafuta mengine mepesi hugeuka mvuke yenyewe, hasa kwenye jua la Kibwezi, na upungufu wa wiki za mwanzo unaweza kuwa wa upepo kuliko wa vijidudu. Udongo mchafu ukichanganywa na msafi, kipimo hushuka bila tone moja kuliwa. Sampuli ikichotwa juu, haisemi lolote kuhusu kina cha mita tatu, ambako oksijeni ni haba na benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, huweza kukaa ndani ya maji kwa muda mrefu. Na risasi na metali nyingine zilizomo kwenye oil chafu haziliwi na kijidudu chochote, huhamishwa tu. Asilimia isiyotaja kipimo cha siku ya kwanza, kina cha sampuli na kemikali iliyopimwa ni tangazo.

Wapo wanaoona njia fupi: kuchimba udongo na kuusomba. Kwa kiwanja kidogo cha gereji, au kando ya kisima, huenda ndiyo busara. Kwa bonde zima, ni kuhamishia tatizo kijiji cha pili kwa bei ya dizeli. Wengine husema tungoje mvua, ambayo ni bure. Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi Ukambani, na kazi iliyopangwa vizuri ingeanza nazo. Lakini mvua za huku huja kwa kishindo, na tuta lisilo na kingo na karatasi ya chini hufuata mkondo hadi kwenye mito ya mchanga, ile ile ambayo watu hufukua mashimo kuteka maji na kunyweshea ng'ombe. Mvua ni mtaji kwa aliyeikinga, na hasara kwa aliyeingoja tu.

Soko litakuwepo, malori hayapungui, mabomba huzeeka, na hukumu ya mwaka 2025 iliyowapa wakazi wa Thange fidia ya mabilioni ya shilingi imewafanya wenye mafuta wajue kwamba uchafu una bei. Kama fedha za aina hiyo zitafika udongoni, ni vigumu kusema. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 humtaka mchafuzi alipe, lakini haimfundishi mwandishi wa zabuni tofauti ya gunia na kazi. Kaunti ikianza kulipa kwa awamu, sehemu ndogo siku ya kunyunyiza na kubwa baada ya vipimo vya misimu miwili ya mvua, mwenye lori moja na tangi la maji huenda akapata nafasi dhidi ya mwenye ghala la magunia. Dalili za mabadiliko hayo bado ni chache. Kwa sasa, aliyeshika bei ya kazi hii ni mwenye maji.