Nukta Mbili Zinazopanda Ngazi

Sogeeni, wajukuu. Mwizi wa leo mnaweza kumwandika kwa vidole viwili: nukta, nukta, mkwaju. Hivi: ../

Kwenye kompyuta maana yake ni "toka folda hii, panda hadi ile iliyoibeba." Haina ubaya wowote, hata mimi naitumia kila siku.

Sasa mfikirieni Asha. Yumo kwenye folda ya Muziki, anaiambia programu ya kuhamisha faili: niletee nyimbo zote za seva ile, yaani kompyuta ya mbali inayotunza mafaili. Seva inataja jina, kisha inatuma yaliyomo. Wimbo wa kwanza, wa pili. Jina la tatu ni ../.bashrc. Programu, kwa utii wake wa kijinga, inapanda kutoka Muziki hadi folda kuu ya Asha, inafuta faili lenye jina hilo na kuweka la seva. Wimbo gani huo? Ni amri ambazo kompyuta huzitekeleza kila Asha anapofungua dirisha la kuandikia amri. Akilifungua kesho, zinazotekelezwa ni amri za mwenye seva.

Ni kama kumtuma mtu sukari, akaleta na kifurushi kilichoandikwa "weka chini ya mto wa mama," nawe ukakiweka.

Mwaka 2002 Steven Christey alionyesha kwamba programu kadhaa za FTP, njia ya zamani ya kuhamisha faili, wget ikiwamo, zilikuwa zikiyaamini majina ya namna hiyo. Ungedhani watu wameshajifunza. Wapi! Mwaka 2018 Harry Sintonen wa kampuni ya F-Secure ya Ufini akaichungulia scp, programu ya kunakili faili ya mafundi wa seva duniani kote, akakuta haikagui vizuri kama ilicholetewa ndicho ilichoomba. Udhaifu huo ilirithi kwa mtangulizi wake, rcp ya 1983. Tena seva iliweza kutuma alama fiche zinazofuta mstari kwenye skrini, faili la ziada lipite bila kuonekana. Ujanja huo, nakiri, umenifurahisha.

Dawa ya nukta ni nyepesi: programu itupe njia yote, ibaki na jina tupu. Kwa scp kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu ukiandika *.mp3, yaani kila faili linaloishia na .mp3, ni seva iliyoamua nyota hiyo inashika mafaili gani. Ndiyo maana Aprili 2022 toleo la 9.0 la OpenSSH, kifurushi cha programu chenye scp ndani yake, liliihamishia scp kwenye mtindo mwingine wa kuhamisha faili, SFTP: seva inatoa orodha, na kompyuta ya Asha ndiyo inayochagua.