Kabla Hujauza Shamba la Bondeni

Ndugu msomaji, pengine jambo hili limekwisha kufika nyumbani kwako, au li njiani laja. Mtoto amepata nafasi ya chuo. Nyumba nzima imefurahi, majirani wamekuja kutoa pongezi, bibi amepiga vigelegele. Usiku, wageni wakiisha kwenda zao, baba na mama wanabaki jikoni wakihesabu: ada, chumba, chakula, nauli ya kushuka Mombo na kuendelea mbele. Mwisho baba anasema, "Tutauza lile shamba la bondeni."

Kila mtu wa Lushoto ajua uzito wa neno hilo. Shamba la mlimani lina migomba na mahindi, nalo hungoja mvua. La bondeni lina maji. Ndilo linalotoa kabichi, karoti na viazi vinavyopakiwa katika malori kwenda Dar es Salaam. Likiisha kuuzwa, halirudi.

Hatusemi ni vibaya kuuza shamba ili mtoto asome. Wazazi wengi wamefanya hivyo na hawakujuta. Lakini kabla ya kuuza, yafaa kuuliza swali moja ambalo wengi hawaliulizi: Je, mtoto anakwenda kusoma nini? Maana tumezoea kusema, "Amekwenda chuo kikuu," kisha tukanyamaza, kana kwamba chuo ni kitu kimoja. Sivyo. Watoto wawili waweza kuingia lango moja siku moja, wakatoka siku moja na shahada zao, na mmoja akapata kazi upesi, mwenzake akakaa nyumbani miaka mitano.

ZAMANI SI SASA

Wazee wetu hawakuwa na sababu ya kuuliza swali hilo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 20. Nchi ilikuwa na haja ya watu wa kila namna. Aliyesoma, lo lote alilosoma, aliitwa kazini.

Leo vyuo ni vingi. Hata Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ndugu zetu Walutheri walifungua chuo kikuu mwaka 2007. Hii ni heri kubwa, lakini ina upande wake wa pili: wenye shahada wamekuwa wengi kuliko nafasi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Walioomba walikuwa 135,027. Fanya hesabu, msomaji: kwa kila nafasi moja walisimama watu zaidi ya 80. Wote hao walikuwa na vyeti, na nyuma ya kila cheti kuna mzazi aliyelipa.

MSHAHARA MMOJA, KUNGOJA MBALIMBALI

Tutazame ualimu, kwani ndio kazi ambayo watoto wengi wa vijijini huifikiria kwanza. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2015 hivi, mwalimu akimaliza chuo serikali ilimpangia shule. Mwaka 2016 ajira mpya zilisimamishwa ili kuhakiki watumishi hewa na vyeti vya uongo. Na mwaka 2017, serikali ilipoanza kuwaita walimu tena, wa kwanza kuitwa walikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Walimu wa historia, jiografia na Kiswahili walikuwa wamejaa. Tangu hapo serikali imetangaza nafasi za walimu mara kadhaa, lakini waombaji ni wengi mno kuliko nafasi, na wa masomo ya sanaa ndio wengi zaidi.

Sasa angalia neno ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika serikali, mwalimu wa fizikia na mwalimu wa historia wenye shahada huanzia ngazi moja ya mshahara, ile iitwayo TGTS D. Mwenye stashahada huanzia C, na mwenye cheti B. Kwa hiyo somo halimwongezei mwalimu mshahara wa mwezi. Tofauti ipo katika miaka ya kungoja.

Tuseme, kwa mfano tu, mshahara wa kuanzia ni shilingi 700,000 kwa mwezi. Kijana akingoja miaka mitano, yaani miezi 60, amekosa shilingi milioni 42. Je, shamba lako la bondeni lina thamani hiyo? Hasara hii haionekani kwa macho, wala haiandikwi katika karatasi yo yote, lakini ni hasara.

NJIA ZENYE VITUO VINGI

Sheria nayo inapendwa sana kwetu, labda kwa kuwa Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapa hapa Lushoto. Chuo hiki kilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, nacho hutoa astashahada na stashahada za sheria. Mwenye elimu hiyo aweza kuomba kazi kama ukarani wa mahakama. Lakini mzazi anayeota kumwona mtoto wake wakili, ni lazima ajue safari ni ndefu. Baada ya shahada ya sheria kuna Shule ya Sheria ya Tanzania, na mitihani yake si mchezo. Mwaka 2022 matokeo yake yalishtua nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walikatishwa masomo.

Uhasibu ni vivyo hivyo. Shahada ya uhasibu ni mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni mitihani ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ile ya CPA. Aliyeipita hutafutwa. Asiyeipita yumo katika foleni pamoja na maelfu. Daktari husoma miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, ndipo asajiliwe. Hatusemi haya ili kuwatisha watoto. Twasema ili fedha za safari zihesabiwe mpaka kituo cha mwisho, si mpaka kituo cha kwanza.

NJIA FUPI AMBAYO WENGI HUIDHARAU

Iko njia nyingine. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu kemia, biolojia na fizikia, hata kwa alama za D, aweza kuomba stashahada ya utabibu, ambayo ni miaka mitatu. Uuguzi nao una stashahada ya miaka mitatu. Mwenzake aliyekwenda kidato cha tano na sita, kisha chuo kikuu miaka mitatu, hutumia miaka mitano au zaidi. Lakini tuseme kweli yote: siku hizi hata waganga na wauguzi wako wanaongoja kazi ya serikali. Hata hivyo, hawa wana zahanati za mashirika ya dini na za watu binafsi za kuombea, jambo ambalo wengine hawana.

Ufundi nao usiudharau. Hapa Lushoto tuna Chuo cha Maendeleo ya Jamii Ufundi Mabughai, na wilaya nyingi nchini zina vyuo vya VETA. Fundi mzuri wa umeme, wa mabomba, au wa kuchomelea vyuma hangoji tangazo la serikali. Mteja ni jirani yake. Na mtoto aliyesoma kilimo au misitu, katika milima yenye mboga, matunda na misitu kama hii yetu, anarudi nyumbani na elimu ambayo shamba lenyewe linaihitaji. Lakini huyo arudipo, ni lazima shamba liwepo bado!

DENI LINALOMFUATA KIJANA

Wazazi wengi hufurahi wakisikia mtoto amepata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Ni msaada mkubwa kweli. Bodi hii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, imewasomesha watoto wengi wa maskini. Lakini mkopo si zawadi. Kijana akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Katika kila shilingi 100,000, shilingi 15,000 zinakwenda. Basi usishangae mwanao akianza kazi na asikuletee fedha ulizozitazamia. Si kwamba amekusahau.

Tangu mwaka 2023 mikopo hutolewa pia kwa wanafunzi wa stashahada, lakini kwa fani maalumu: afya, ualimu, uchukuzi, madini na nishati, kilimo na mifugo. Tena tangu mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali imefutwa. Mambo haya yafaa mzazi ayajue kabla ya kukimbilia kwa mnunuzi wa shamba.

UCHAGUZI HUANZA MAPEMA

Wengi hudhani uchaguzi hufanywa siku ya kuomba chuo. Siku hiyo mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Yaliamuliwa pale mtoto, akiwa kidato cha tatu au hata kabla, alipoacha fizikia na kemia kwa sababu "ni ngumu", na wewe nyumbani hukuambiwa, au uliambiwa ukasema, "Wewe ndiwe unayejua." Aliyeacha kemia ameufunga mlango wa uuguzi, wa utabibu na wa famasia kwa mara moja.

Ni kweli, shule nyingi za kata zina walimu wachache wa sayansi na maabara zisizo na vifaa. Lakini usikubali mtu akuambie ya kuwa watoto wa mlimani, hasa wasichana, hawawezi. Shule ya Mtakatifu Maria ya Mazinde Juu, iliyofunguliwa mwaka 1989 kwa ajili ya wasichana, imepeleka mabinti wengi vyuo vikuu. Wamelelewa katika ukungu huu huu wa Usambara.

Wala usimlazimishe. Mtoto asiyeiweza hisabati, ukimsukuma katika uhandisi, atarudi nyumbani bila cheti, na shamba limekwisha kuuzwa. Mwalimu mzuri wa Kiswahili ni bora kuliko mhandisi aliyeshindwa mwaka wa pili.

MASWALI MANNE YA JIKONI

Basi usiku ule wa kuhesabu, mwiteni mtoto naye akae. Muulizeni maswali manne, bila hasira.

La kwanza: Chuo hiki na kozi hii zimesajiliwa? Vyuo vikuu huulizwa kwa TCU, vyuo vya kati kwa NACTVET. Usimwamini wakala anayepita vijijini na makaratasi ya rangi.

La pili: Waliomaliza kozi hii miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Mtafuteni hata mmoja, mzungumze naye.

La tatu: Baada ya cheti, kuna mtihani au usajili mwingine? Ni wa miaka mingapi, na fedha zake zitatoka wapi?

La nne: Kazi ya serikali isipopatikana, elimu hii itamlisha kwa njia gani nyingine?

Kama maswali matatu kati ya haya hayana jibu, ngojeni kidogo. Kukodisha shamba kwa misimu miwili si sawa na kuliuza. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Lakini jembe likivunjika hununuliwa jingine. Miaka ya ujana wa mtoto na shamba la bondeni havinunuliwi tena. Katika hayo, ndugu msomaji, chagua. Tena chagua pamoja na mwanao.