Risasi na Kadimiamu Zikikutana Kwenye Mchicha Wako

Wengi wenu mnalima mchicha, chainizi na spinachi kando ya mito ya mjini, maana maji yapo mwaka mzima na soko liko jirani. Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ni mfano. Sasa huko huko watafiti walishapima mboga wakakuta risasi na kadimiamu kwa pamoja. Hilo neno "pamoja" ndilo somo la leo.

Viwango vya Codex kwa kilo moja ya mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu. Kila metali ina kiwango chake. Kwa hiyo mboga yako inaweza kuwa chini kidogo ya vyote viwili, ukaambiwa iko salama. Ila mlaji anazila zote kwa mkupuo mmoja, na zote zinaelemea figo. Kadimiamu hukaa humo zaidi ya miaka 10. Risasi hujificha kwenye mifupa na kuharibu ubongo wa mtoto. Ikiongezeka aseniki juu ya kadimiamu, figo huumia zaidi. Na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi na kadimiamu nyingi zaidi.

Kwenye udongo nako metali hazikai kimya:

- Zinki na kadimiamu hugombea njia moja ya kuingia kwenye mzizi. Udongo ukikosa zinki, kadimiamu hupita kirahisi.
- Udongo wenye tindikali huachia risasi na kadimiamu. Chokaa huzishika, lakini kama kuna aseniki, chokaa hiyo hiyo inaweza kuiachia.
- Maji ya chumvichumvi huongeza kadimiamu kwenye majani.

Ufanye nini?

1. Pima udongo na maji kabla ya kununua chokaa. Omba maabara ipime risasi, kadimiamu, aseniki na zinki, siyo moja tu.
2. Weka mboji au samadi iliyooza vizuri. Husaidia kushika metali.
3. Eneo likiwa na shaka, acha mboga za majani. Nyanya na bamia kwa kawaida hubeba kidogo kuliko majani.
4. Usitegemee kuosha. Maji huondoa vumbi na tope, hayatoi kilichoingia ndani ya jani.

Gharama ya kipimo inauma, najua. Lakini mchicha huo unaliwa na watoto wa wateja wako, na wa kwako pia.